Hata Unywele wa Ndevu

Siku ya Mungu, 4 Mei 1969

Mvua tangu mwisho wa misa. Watu walikuja hata hivyo, wakajibana barazani kwetu, miguu nje, vichwa ndani. Hapa Mweso Siku ya Mungu bila gazeti haikamiliki tena — na mwenye kosa ni mimi. Jean-Marie, bwana yangu, anapeleka pareto Goma na kamyo ya planteur, mwenye shamba. Kila akirudi ananiletea gazeti za Kinshasa, mara nyingi zimefungiwa sabuni. Zina wiki mbili, wiki tatu. Hakuna anayelalamika. Nasoma Kifaransa kwa macho, natoa Kiswahili kwa mdomo. Mwalimu wa shule ya primaire, nitafanya nini.

Leo ukurasa mzima juu ya Ondea! Kampuni ya radio, kule Kinshasa. Edmond, mdogo wangu, yuko pale mwaka wa tatu, anachomelea nyuzi ndani ya radio. Gazeti inasema: Ondea, kampuni yenye moyo wa mzazi. Kila mfanyakazi anapewa maziwa saa nne. Mkurugenzi anajua majina ya watoto wa wafanyakazi wote. Kwenye picha vijana wamevaa makoti meupe, wamepangwa kama viti vya kanisa. Mama Léontine, jirani yetu, alishika gazeti kwa mikono miwili akamtafuta Damascène wake uso kwa uso. Edmond njo alimpeleka mtoto huyo Kinshasa mwaka jana, akamtafutia kazi palepale. Hakumuona. Mimi pia sikumuona Edmond.

Papa Honoré, infirmier, muuguzi wa hospitali, alikuja na radio yake ya Ondea chini ya koti isilowe. Akasema hii njo kampuni ya watu, si kama zile zingine. Zile zingine yeye hazijui. Wala mimi sizijui.

Nilisoma kwa sauti kubwa kidogo kuliko siku zote. Nakubali.

Siku ya tatu, 7 Mei

Papa Honoré amekuja masomoni, shuleni kwangu, saa ya récréation, watoto wakicheza nje. Aliniita pembeni, nyuma ya darasa la tatu. Nilifikiri ni habari ya chanjo ya watoto. Hapana. Radio imesema habari ya Ondea. Moto. Juzi, siku ya kwanza mchana, atelier moja, chumba cha kazi, imeungua.

"Walitaja majina?"

"Hapana, mwalimu. Walisema hasara ni kidogo tu, kazi inaendelea. Kisha muziki."

Kisha muziki. Nilirudi darasani nikaandika ubaoni saba mara nane ni hamsini na nne. Watoto wote wakanakili hivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza.

Siku ya ine, 8 Mei

Mama Léontine alijua kabla sijamwambia. Alifika na jembe begani, hajaoga udongo wa shamba.

"Mwalimu, moto ilikamata fasi gani? Kwa wenye kuchomelea, ao kwa wenye kufunga makarto?"

Sijui. Damascène anafunga makarto ya kupakia radio, lakini Edmond aliandika Pasaka kwamba wanamfundisha kuchomelea pia. Sikumkumbusha.

Jean-Marie anashuka Goma kesho, atapeleka telegramu. Tumeandika maneno sita: EDMOND DAMASCENE JIBU MARA MOJA SIDONIE. Mama Léontine alihesabu kwa vidole, akauliza kama jina la mtoto wake haliwezi kutangulia. Nimeliweka mbele.

Mama yetu yuko Kibua, kule msituni Walikale. Simwambii kitu. Habari zinafika Kibua polepole, na kwa mara ya kwanza nashukuru.

Siku ya posho, 17 Mei

Jean-Marie amerudi. Barabara ya Sake ilikatika, alilala njiani mara mbili. Telegramu ilienda. Jibu hakuna. Alipita posta siku tatu mfululizo mpaka karani akaanza kutikisa kichwa akimuona mlangoni.

Lakini ameleta gazeti mbili, na zote mbili zinasema juu ya moto.

Ya kwanza ni ile kubwa, ya karatasi nzuri. Inasema: moto mdogo, umezimwa upesi kwa ushujaa wa vijana. Hakuna aliyeumia. Ondea, kampuni yenye moyo wa mzazi, iliwarudisha wote nyumbani mapema wakapumzike. Chini yake, tangazo la Ondea, robo nzima ya ukurasa: mke anacheka, bwana anacheka, radio katikati.

Ya pili ni ndogo, kurasa nne, wino unabaki kidoleni. Inasema: Ondea ni nyama ya pori inayokula watoto wa Kongo. Milango ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Wengi wameungua. Inasemekana kuna maiti. Inasemekana. Nani anasema? Haikuandika.

Nimezisoma zote mara tatu. Kampuni moja, siku moja, moto mmoja. Katika moja Edmond amerudi nyumbani mapema kupumzika. Katika ya pili yuko nyuma ya kufuli.

Jean-Marie ananiambia nile.

Siku ya Mungu, 18 Mei

Nilitaka kufunga mlango leo. Hawakuniacha. Watu wengi kuliko Pasaka.

Nikasema: ziko mbili, hazisemi sawa. Papa Honoré akasema ile kubwa ina ukweli, iangalie tu karatasi yake. Kijana mmoja wa soko akasema ile ndogo ina ukweli juu ni ya maskini. Walibishana hivyo kabla sijasoma hata mstari mmoja! Kwa mmoja Ondea ni mzazi, kwa mwingine ni nyama ya pori, na hakuna kati yao aliyewahi kuona hata mlango wa kiwanda.

Mama Léontine alikuwa amekaa chini, karibu na miguu yangu.

"Soma ile ya kwanza," akasema. "Ile ingine ufunge nayo chumvi."

Nilisoma ya kwanza. Mara mbili, juu aliomba tena. Alifunga macho nikisoma. Ya pili nimeikunja ndani ya cahier hii ninamoandika.

Siku ya tatu, 21 Mei

Hakuna. Tunafundisha watoto kutembea kwa fête ya trente juin, siku ya uhuru. Kushoto, kuume, kushoto. Nimepoteza sauti.

Siku ya tano, 23 Mei

Edmond ni mzima.

Naandika tena nione kama bado ni kweli. Edmond ni mzima. Hakuna barua, hakuna telegramu. Nimeipata ndani ya gazeti.

Hivi: saa ya mchana, nikisubiri maharagi yaive, nikachukua tena ile gazeti kubwa. Mara ya tano ao ya sita. Mstari wa chini kabisa, ambao siku zote naupita mbio kwa sababu jicho langu linatafuta majina. Unasema: hakuna mfanyakazi aliyepoteza hata unywele wa kichwa, wala wa ndevu.

Wala wa ndevu. Nani anaandika hivyo katika gazeti ya serikali na mawaziri?

Papa yetu. Papa Isidore, marehemu, katekista wa Kibua. Tulipokuwa watoto, tukirudi kuchota maji ao kutafuta uyoga, alisimama mlangoni akatuhesabu: Sidonie yuko, Edmond yuko, hata unywele wa kichwa haukupotea, wala wa ndevu. Sisi hatukuwa na ndevu. Edmond alikuwa anashika kidevu chake anakagua. Kila siku, na kila siku tukacheka.

Hakuna mtu mwingine duniani anayesema hivyo. Edmond ameandika habari hii. Sijui kwa nini mwenye kuchomelea nyuzi anaandika gazeti, lakini mkono ni wake, na gazeti ni ya siku mbili baada ya moto. Maiti haiandiki.

Nilimwambia Jean-Marie. Akasema labda watu wa Kinshasa nao wanasemaka vile. Nikamwambia soma. Akasoma. Akasoma tena. Kisha akaketi kwenye kinu akacheka, na mimi nikala sahani mbili za maharagi, moja ikiwa yake.

Tena, jambo la pili: Edmond hasemi uongo. Tangu utoto. Akiiba muwa anarudi mwenyewe kusema. Kama yeye ameandika hakuna aliyeumia, basi hakuna aliyeumia, na Damascène yuko mzima pia. Nilikimbia kwa Mama Léontine bila kitambaa kichwani. Nikamweleza yote, unywele, ndevu, Papa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema asanti, mwalimu. Akanipa mayai matatu.

Nilifikiri atapiga vigelegele. Watu wanafurahi kila mmoja kwa namna yake.

Siku ya mbili, 3 Juni

Barua ya Edmond. Imeandikwa 19 Mei, imekuja na ndege mpaka Goma. Inaanza: Dada, niko muzima, anza na ile. Nilianza na ile. Nililia darasani mbele ya watoto arobaini na mmoja na sikuona haya. Niliwatoa nje wakacheze.

Kisha nikasoma inayobaki.

Hachomelei tena. Tangu Januari wamemweka katika bureau ya presse, ofisi ya habari, juu ya Kifaransa chake. Kazi yake ni kuandika habari za kampuni. Anaandika kwa mashine, nakala sita, zinapelekwa kwa gazeti sita, na gazeti zinaweka jina lao juu. Alitaka kutuambia akija congé, likizo, na koti jipya, tushangae.

Siku ya moto chef alimwambia andika: hakuna aliyeumia. Aliandika saa tisa. Hakushuka kuona. Saa kumi na moja wakamletea orodha ya hospitali. Majina kumi na moja. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Lakini kumi na moja. Alikimbia kwa chef kuomba wasahihishe. Chef akamwambia: gazeti zimeisha kula, utazitapisha namna gani?

Damascène yuko katika kumi na moja. Mkono. Vidole vitatu vimeenda. Edmond alikwenda hospitali mara mbili, mlinzi wa kampuni akamzuia mlangoni, lakini infirmière mmoja alimwambia mtoto anakula, anaongea, anauliza lini atarudi kwao.

Barua inaisha: nimeacha kazi, napanda mashua ya Kisangani siku ya posho, 24 Mei, kutoka pale nitatafuta kamyo ya Walikale, nitapita Kibua kumuona Mama. Usimwambie Mama Léontine kabla sijafika. Hapana — mwambie. Nani mwingine atamwambia.

Ni mzima. Nashukuru Mungu, ni mzima. Lakini mimi nilikimbia kwa yule mama bila kitambaa kichwani nikamwambia Edmond hasemi uongo. Na nilikula mayai.

Siku ya ine, 5 Juni

Jana sikuweza. Leo nimekwenda, kabla ya masomo, shambani kwake kwenye mlima. Alikuwa anapalilia maharagi. Aliniona kutoka mbali, akasimama, hakuja kunipokea.

"Sema ukiwa palepale," akasema.

"Iko muzima, Mama."

"Nani?"

"Damascène. Iko muzima. Lakini moto ilimuumiza mukono. Vidole tatu vimeenda."

"Iko muzima?"

"Iko muzima. Anakula."

"Anakula na mudomo yake mwenyewe?"

"Na mudomo yake, Mama. Anasema. Anauliza siku ya kurudi kwenu."

Aliketi. Palepale juu ya maharagi, akayaponda. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka, na kucheka kulimshinda mpaka akalala chali, jembe kifuani, akitazama mawingu. Vidole tatu, alisema. Vidole tatu tu. Akaanza kuhesabu vinavyobaki: saba. Saba ni mingi, mwalimu.

Nilitaka kuomba musamaha kwa siku ile ya mayai. Alinikatiza. Aliniambia hakuniamini hata dakika moja. Wala mimi, wala gazeti. Alikuwa ameisha kumlilia mtoto wake tangu radio iseme hasara ni kidogo. Huku shambani, peke yake, kusudi watu wasione. Alikuwa ameisha kuchagua kikwembe cha kuvaa matangani.

"Wakisema hakuna kitu, mimi najua kitu iko."

"Sasa kwa nini uliniomba nisome mara mbili?"

"Ile maneno ilikuwa muzuri," akasema. "Nilitaka kuisikia kama ni ya kweli, mara moja, mbele ya bantu."

Tulipalilia pamoja mpaka kengele ya masomo. Nilichelewa. Sikujali. Tangu mwezi mzima leo njo hewa imeingia kifuani mpaka chini.

Siku ya Mungu, 8 Juni

Nimewasomea watu barua — sehemu ile inayowahusu. Nikaeleza namna habari inavyotengenezwa: kampuni inaandika, gazeti inapokea, mimi nasoma, nyinyi mnabeba nyumbani. Mimi pia nilikuwa mkono mmoja wa kampuni hapa Mweso, bila mshahara.

Kisha Papa Honoré akasimama na radio yake kwapani.

"Mwalimu, sikatai. Lakini radio yangu inaimba muzuri mwaka ya pili sasa. Kampuni mubaya inaweza kutengeneza kitu muzuri hivi?"

Mama Léontine alisema labda vidole vya mtoto wake njo vilifunga karto ya radio ile, na vilikuwa vizuri kweli. Papa Honoré aliitoa kwapani akaitazama chini, juu, pembeni. Hakuiwasha tena mpaka anarudi kwake.

Siku ya ine, 12 Juni

Mvua ya mawe. Maharagi ya Mama Léontine yamepona — mahali alipolala tu njo hakuna kitu. Tumecheka sana.

Siku ya mbili, 24 Juni

Wamekuja. Wote wawili!

Kamyo ya ndizi kutoka Masisi ilisimama mbele ya masomo, na juu ya ndizi, amekaa kama askofu, Edmond, na pembeni yake Mama. Mama yangu, ambaye hajatoka Kibua tangu maziko ya Papa. Alimuona Edmond akifika pale na viatu vya mjini vimefunguka mdomo, akasema huyu simuachi aende peke yake hata hatua moja. Akafunga mzigo wake: muhogo, samaki wa kukausha, nyama ya porini ndani ya majani. Siku nne njiani.

Watoto wangu walitoka madirishani. Sikuwarudisha.

Edmond amekonda. Koti alilonunua kwa congé limegeuka rangi ya barabara. Nilimshika kichwa kwa mikono miwili, na Mama nyuma yangu akasema kama Papa angesema, maneno yale yale, mpaka kwenye ndevu. Safari hii ndevu ziko. Edmond hakucheka. Aligeuza uso.

Baada ya kula, Jean-Marie alimuuliza polepole: shemeki, ile ya ndevu uliiandika kusudi, dada yako ajue uko?

"Ningependa kusema ndiyo," Edmond akajibu. "Ilitoka yenyewe. Niliandika mbio. Chef aliisoma akacheka, akasema tuiache. Akasema muntu mwenye kucheka haulizi tena."

Akatueleza mambo mengine. Waandishi wa gazeti wanaitwa kula samaki mkubwa mara moja kwa mwezi. Ile ya moyo wa mzazi ni ya chef, inatakiwa kuwa katika kila habari, mstari wa tatu. Maziwa ya saa nne yalikuwa kweli — wiki moja, ile wiki ya picha. Alieleza bila kupaza sauti, kama mtu anayetoa miiba mguuni.

Mama hakufuata yote. Alimuwekea mboga ya sombe tena. Kila akipita nyuma yake alimgusa bega, kuhakikisha.

Mama Léontine alikuja jioni kabla ya giza. Edmond alisimama. Alikuwa ametayarisha maneno, niliyaona yamepangwa usoni kwake. Mama Léontine akampa mkono tu, akasema: "Karibu, mutoto yangu. Umechoka." Maneno yote yakapotea.

Siku ya posho, 28 Juni

Jean-Marie ameleta gazeti kubwa, mpya, siku tisa tu. Na ndani yake Damascène!

Picha. Mkurugenzi wa Ondea ametembelea hospitali. Vitanda vinne, wagonjwa wanne, kila mmoja na radio mpya juu ya kifua. Wa tatu ni yeye. Anaonekana vizuri, macho yake, masikio yake yale makubwa. Gazeti inasema sasa kwamba wachache walipata majeraha madogo na kwamba Ondea haisahau watoto wake. Mwezi uliopita hakuna aliyeumia. Sasa wachache. Hakuna mahali wameandika: tulikosea.

Lakini Mama Léontine — ningependa niweze kuandika uso wake. Hakutaka nisome. Alisema maneno hapana leo, leo uso tu. Alikaa na picha mlangoni kwenye mwanga, akaongea nayo. Amenenepa, akasema. Wamemunyoa vibaya. Akaenda nayo nyumba kwa nyumba mpaka sokoni, na watu wakamshangilia kama aliyejifungua. Papa Honoré alimkatia kadirisha ka kioo ka kuiweka ndani.

Edmond aliitazama kwa muda mrefu. Alituonyesha blanketi. Zote nne zimevutwa mpaka kidevuni, mikono yote chini yake, na nje kuna jua. "Ni sisi tunaombaka vile," akasema. Kisha akasahihisha: ni wao.

Mama Léontine alisikia. Akasema blanketi ni safi, angalau.

Siku ya kwanza, 30 Juni

Fête imepita vizuri. Mvua imekataa kunyesha, watoto wangu wametembea kushoto-kuume bila kukanyagana, bendera haikukwama. Nimevua viatu. Naandika mezani kwetu, watu wote wako hapa, na kati ya mstari na mstari nashika karatasi nyingine.

Tunaandika kwa gazeti. Edmond ameamua. Kwa zote mbili, kubwa na ndogo — moja ilisema hakuna kitu, ingine ilisema maiti, zote zipate ileile. Ataweka jina lake. Jean-Marie amemuonya: Ondea iko na rafiki katika kila bureau, hakuna atakayekupa kazi tena. Edmond akasema basi nitalima. Mama alicheka mpaka akakohoa. Hajawahi kumuona akishika jembe kwa upande wake wa kweli.

Anatamka kwa Kiswahili kwanza ili Mama Léontine asikie, mimi naandika, kesho tutageuza Kifaransa. Anatembea toka mlango mpaka dirisha.

"Kufuatia tukio lililotokea katika—"

"Tukio njo nini?" Mama Léontine akauliza.

Alisimama. "Ni moto, Mama."

"Basi sema moto."

Nimekata tukio. Nimeandika moto.

"Baadhi ya wafanyakazi walipata majeraha—" Alijisikia mwenyewe. Aliweka mkono mdomoni. Tulimngoja. Hakuna aliyemharakisha, hata Mama. "Wafanyakazi kumi na moja," akasema. "Nayajua majina. Andika, dada." Akayatoa yote kumi na moja bila karatasi, moja moja, mpaka mkono wangu ukachoka. Nilimtazama na nikaona mabega yake yanashuka kila jina likitoka.

Jina la mwisho ni Damascène. Miaka ishirini na mbili, wa Mweso, alipoteza vidole vitatu vya mkono—

Nimengoja na kalamu. Edmond anatazama dirisha.

Hajui. Orodha ilisema mkono, vidole vitatu, bila kusema upi. Infirmière alisema mkono tu. Na barua ya Damascène mwenyewe haijafika.

Mama Léontine hakukasirika. Ametueleza kwamba mtoto wake anafanya yote kwa kushoto, kijiko, jembe, hata kalamu. Mwalimu wake wa kwanza alimfunga mkono ule kwenye benchi mwaka mzima, ulipofunguliwa ukarudi kazini. Amevuta kiti karibu. Ameweka mikono yake miwili juu ya meza, pembeni ya karatasi yangu, viganja chini.

"Ya kuume ao ya kushoto, mutoto yangu?"

Edmond anaiangalia. Kwenye barua nimeacha nafasi ya neno moja.